Hotuba Juu ya Wazazi Waliopotewa na Watoto Wachanga



Tumekuja kunena juu ya huzuni isiyowekewa matanga: ya wazazi walioharibikiwa na mimba, au waliozaa mtoto asiye na uhai, au waliofiwa na mtoto wa siku chache.

Wahenga walisema, "Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana." Lakini mama huyu amekwisha kuifanya kazi ya kwanza, na ya pili ameikosa. Wala hayuko peke yake: mwaka 2019 duniani walizaliwa watoto wafu karibu milioni 2.

Mwili wa mama haujui kwamba mtoto hayupo. Baada ya siku mbili tatu maziwa huja, na matiti huuma. Hukosa usingizi, akijilaumu kwamba alibeba kuni au aligombana na jirani. Hali mimba nyingi zinazotoka mapema hutoka kwa kasoro iliyokuwamo tangu zilipotungwa, wala si kwa kosa la mtu. Baba naye huambiwa ajikaze, akarudi kazini kesho yake na jiwe moyoni.

Basi tusiwaambie, "Mtapata mwingine." Tuwaambie, "Poleni kwa kufiwa na mtoto wenu", na kama walimpa jina, tulitaje. Tuwapikie, tuwachotee maji, tuketi nao. Ikiwa mmoja wao hali wala hasemi na watu kwa majuma mawili, apelekwe hospitali. Huo waweza kuwa ugonjwa, nao hutibika. Akisema afadhali afe, asiachwe peke yake, apelekwe siku ile ile. Wala asifichwe kwa kuogopa sheria: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Mwisho, tuna ombi. Mwanachama akifiwa, chama humpa mkono wa rambirambi. Lakini mtoto asiyepata kulia haandikwi katika daftari letu. Twauomba mkutano huu uamue kwamba naye aandikwe, na wazazi wake wapewe sawasawa na wafiwa wengine. Fedha hazitamrudisha mtoto, bali zitawajulisha wazazi kwamba wenzao wamekiri kuwa alikuwako.