DAKTARI WA SAYANSI NAYE NI MFANYA KAZI

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Mitunguu)



Mtaniuliza, mpakiaji wa ndizi katika malori ana habari gani na watu wa Chuo Kikuu? Nitajibu. Binti yangu alisoma mpaka akapata shahada ya udaktari wa sayansi. Siku hiyo tulichinja mbuzi, tukidhani shida imekwisha. Kumbe baada ya shahada iko kazi nyingine, ya kutafiti chini ya profesa, na mkataba wake ni wa mwaka mmoja, au miwili, au mitatu. Mshahara hutoka katika fedha za msaada alizoziomba profesa. Fedha zikiisha na kazi imekwisha, hata kama utafiti uko katikati.

Kazi hiyo si mchezo. Miche ya migomba inayokuzwa katika chupa za maabara, iliyoanza kuenezwa kwa wakulima wa Kenya katika miaka ya 1990, ni matunda ya watafiti. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba aina kali ya ugonjwa wa mnyauko imeonekana Msumbiji. Dawa ya kuuponya haipo, na ukiingia katika udongo hukaa miaka mingi. Ukifika Mitunguu, mkulima, mpakiaji na dereva wote watalala njaa. Anayetafuta mgomba wa kuuvumilia ni huyo mwenye mkataba wa miaka miwili. Ugonjwa haungoji mkataba.

Sasa, mkubwa mmoja wa kazi alimwambia binti yangu kwamba yeye si mfanya kazi, ila ni mtu wa mafunzo, na fedha zake ni posho tu. Kwa hiyo hana likizo ya uzazi. Ndugu zangu, maneno hayo tunayajua! Ni yale yale tuliyoambiwa sisi vibarua. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na mwanamke aliyeajiriwa apate miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili. Kuuita mshahara posho ni kuikimbia sheria.

Wengine wametutangulia. Huko California, watafiti wa namna hii walipata mapatano yao ya kwanza ya chama mwaka 2010. Novemba 2022 waligoma pamoja na wenzao wa chuo, jumla yapata watu 48,000. Hapa kwetu walimu wa vyuo vikuu waligoma mwaka 1993 wakidai chama chao kiandikishwe. Kiliandikishwa mwaka 2003.

Basi naomba mkutano huu uyaunge mkono mambo matatu. Kwanza, mtafiti aitwe mfanya kazi na apewe haki zake zote. Pili, aambiwe mapema kama mkataba utaendelea. Tatu, Serikali itoe fedha za utafiti kama ilivyoandikwa katika sheria ya mwaka 2013, yaani asilimia 2 ya pato la taifa.

Kidole kimoja hakivunji chawa.