Bila Tiketi ya Chama, Utashinda?

Msikilizaji, huna jina kubwa, huna mtu wa kukushika mkono chamani. Je, unaweza kushinda uchaguzi? Unaweza. Mwaka 2022, Kawira Mwangaza alishinda ugavana wa Meru akiwa mgombea huru.

Lakini chunga tarehe. Katiba ya Kenya inamtaka mgombea huru awe nje ya chama chochote kwa miezi 3 kabla ya siku ya kura. Narudia: miezi 3.

Huenda umeandikishwa katika chama bila kujua. Kagua leo kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Ukikuta jina lako, jiuzulu kwa barua, kisha utunze nakala iliyogongwa muhuri.

Miezi 3, msikilizaji. Usingoje dakika za mwisho.