Maneno Yaliyonenwa Mlandege Juu ya Safari za Visiwani



Nimeombwa niseme machache juu ya vyombo vinavyotuvusha kwenda visiwani. Siku za jubilei watu hupenda kuhesabu majengo; lakini kabla ya mawe palikuwa na maji. Nasi watu wa Mlandege twajua hayo kuliko wengi, maana hata jina la Ng'ambo latokana na hori la bahari lililotutenga zamani na Mji Mkongwe, na Darajani ndipo palipokuwa na daraja lake.

Safari ya Tumbatu si ndefu. Mtu hutoka hapa kwa gari hata Mkokotoni, kisha hupanda mashua akavuka mpaka Gomani au Jongowe. Maji yakiwa yamekupwa, hukunja nguo akakifuata chombo kwa miguu. Anayetaka kuwatembelea wenzetu wa huko yampasa ajue bamvua na maji mafu, kaskazi na kusi. Saa ya ukutani haitamfaa.

Siku moja ya kusi nilipanda mashua iliyojaa hata maji yakakaribia ukingo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akashuka, akasema, "Nitangoja cha pili." Watu wakamcheka, nami nikacheka pamoja nao. Moyoni nilitamani kushuka, lakini niliona haya. Tulifika salama. Hata hivyo, kufika kwetu hakukuonyesha kwamba tulitenda vema. Kulionyesha tu kwamba upepo ulituhurumia.

Maana si kila mara upepo huhurumia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama katika bahari ya Nungwi, ikienda Pemba, nayo imebeba watu na mizigo kupita kiasi chake. Waliookolewa walizidi 600, na wengine walijishikiza kwenye magodoro yaliyoelea. Maiti zilizopatikana zilizidi 200, lakini waliopotea hesabu zao hazikupatana, kwa kuwa wengi hawakuandikwa majina. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Na tarehe 20 Septemba 2018, katika Ziwa Victoria, kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara. Wakafa watu 228, hali kiliruhusiwa kubeba kama 100. Angalieni, ndugu zangu: gati ilionekana kwa macho. Chombo kilicholemewa hakihitaji dhoruba. Watu wakielemea upande mmoja, yatosha.

Wala msidhani kwamba watu wakubwa huachwa na maji. Askofu Chauncy Maples alikuwa ndiyo kwanza awekwe wakfu, naye alizama katika Ziwa Nyasa kwa tufani tarehe 2 Septemba 1895, pamoja na Joseph Williams. Baadaye meli iliyopewa jina lake ilichukuliwa vipande vipande mpaka ziwani, ikashushwa majini mwaka wa 1901. Waliobaki hawakuacha kwenda kwa watu wa mbali. Walitafuta chombo kilicho bora.

Husemwa, "Mchelea bahari si msafiri." Ni kweli, lakini tusiifanye methali hii kuwa fimbo ya kumpigia mwenye busara. Kuicha bahari ni jambo moja, na kuidharau ni jambo jingine.

Basi nawaomba mambo matatu. Kwanza, kila apandaye chombo ahakikishe jina lake limeandikwa, na la mtoto wake pia. Pili, tusimhimize nahodha aondoke akisema hali si njema, hata tukiwa na arusi au maziko yanayotungoja. Tatu, na hili ndilo kubwa: watu wengi hupanda chombo kilichojaa kwa sababu hawana pa kulala. Mwenye nyumba karibu na bandari na amfungulie mlango aliyeachwa pwani jua likichwa. Ampe mkeka na maji ya kunywa. Huenda mkeka ule ukaokoa roho zaidi kuliko maneno yangu haya.

Mama yule sikupata kumwona tena kumtaka radhi. Nikikutana na mwingine kama yeye, sitacheka. Nitashuka pamoja naye.