Njia ya Tamaa Katika Ubongo

Juma lililopita tulizungumza juu ya moyo na damu. Leo tunapanda juu zaidi, mpaka ndani ya kichwa.

Nianze na swali la mama mmoja wa kikundi cha hapa Ipyana. Alisema, “Mwalimu, mume wangu mwenyewe anakiri kwamba pombe haimpendezi tena. Huinywa amekunja uso kama anywaye dawa chungu. Basi kwa nini kila jioni yumo kilabuni?” Nilitaka kumjibu upesi, kama tujibuvyo wengi, kwamba hiyo ni tabia mbaya tu. Nikajizuia, kwa sababu swali lake ndilo lililowahangaisha mabingwa wa ubongo kwa muda wa miaka arobaini.

Ubongo wako una seli za fahamu zipatazo bilioni 86, nazo hupelekeana habari usiku na mchana. Lakini kati ya seli moja na nyingine mara nyingi pana mwanya mdogo mno, usioonekana kwa macho. Fikiri mto Kiwira wakati wa masika, mahali pasipo daraja. Mtu wa ng’ambo hii ana barua ya kumpelekea mtu wa ng’ambo ile. Hawezi kuruka, basi huitia barua ndani ya mtumbwi. Ubongo nao una mitumbwi yake, nayo ni kemikali. Ziko za namna nyingi, na kila moja ina gati lake la kufikia. Mmoja wa mitumbwi hiyo huitwa dopamini. Arvid Carlsson wa Uswidi alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba dopamini ina kazi yake yenyewe katika ubongo, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Dopamini ina njia zake. Njia tunayoihitaji leo huanzia katikati ya ubongo, chini kabisa, ikaenda mbele mpaka kwenye kiini kidogo kiamshacho hamu, na kutoka huko habari hufika nyuma ya paji la uso, mahali tunapopimia mambo kabla ya kuyatenda. Njia hiyo hatukupewa kwa ajili ya ulevi. Tulipewa ili tutafute chakula, tutafute mwenzi, turudi tena kwenye mti uliozaa vizuri mwaka jana.

Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, James Olds na Peter Milner walitia waya mwembamba katika ubongo wa panya, wakamwekea kipini cha kubonyeza. Kila akibonyeza, umeme kidogo hupita katika njia za namna hii. Panya alibonyeza mamia ya mara kwa saa moja. Watu wakasema, “Tumekiona kituo cha raha!” Jina hilo likashika, hata leo utasikia watu wakiiita dopamini kemikali ya furaha. Mimi nadhani jina hilo limetupotosha sana, maana latufanya tuamini kwamba mlevi ni mtu anayefurahi kuliko sisi.

Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz, akifanya kazi Uswisi, aliwachunguza nyani. Taa huwaka, kisha nyani hupewa tone la maji ya matunda. Siku za kwanza, seli za dopamini ziliamka nyani alipoonja tone lile. Alipokwisha kuzoea, ziliamka taa ilipowaka, na tone lenyewe halikuziamsha tena. Taa ikiwaka na tone lisije, seli zile zilinyamaza kuliko kawaida yake. Naye Kent Berridge wa Marekani aliona jambo la kushangaza zaidi. Panya walioondolewa karibu dopamini yote waliendelea kulamba midomo kwa utamu, mradi sukari iwe imetiwa kinywani mwao. Utamu waliusikia, ila hawakuwa na hamu ya kuufuata.

Basi kutamani ni jambo moja, na kufurahia ni jambo jingine. Vilevi huisukuma dopamini itoke kwa wingi, bila kujali kama vina faida au hasara, na kila mara tamaa huzidi kutia mizizi hata furaha ikikauka. Mama yangu, hilo ndilo jibu la swali lako. Mumeo hasemi uongo.

Sasa itazame taa ya nyani hapa kwetu Kyela. Malipo ya kakao yameingia katika simu: hiyo ni taa. Harufu ya kimpumu inachemka: taa. Rafiki anaita kutoka ng’ambo ya barabara, jua linashuka kuelekea Songwe: taa, na taa tena. Mtu aliyekata shauri asubuhi kwa moyo safi kabisa, saa kumi na moja jioni ubongo wake umekwisha kumtangulia kilabuni. Ukimwona amevunja ahadi, usidhani kwamba asubuhi alikuwa akikudanganya.

Kuna jambo la pili, nalo nalisema kwa uchungu. Tulikuwa na mjomba aliyekunywa gongo kila siku, tangu asubuhi. Sisi wapwa zake, mimi msomi nikiwa kiongozi wao, tulishauriana tumsaidie. Jumamosi asubuhi tukamfungia chumbani, tukampa uji na maji, tukakaa mlangoni. Usiku alitoka jasho, mikono ikatetemeka hata kikombe kikamwangukia. Tukasema, sumu inamtoka. Usiku wa Jumapili alianguka kwa degedege, akauma ulimi. Wengine wakasema ni pepo, wengine wakataja jirani aliyemloga. Muuguzi mmoja mstaafu, aliyekuja kwa kusikia vilio, aliuliza neno moja tu: “Ameacha kunywa tangu lini?” Tulipomjibu, alituita wajinga mbele ya watu, akaagiza gari.

Mambo yalikuwa hivi. Ubongo una mtumbwi uitwao gaba, ambao hutuliza, na mwingine uitwao glutamati, ambao huamsha. Pombe huongeza nguvu ya gaba na kuizuia glutamati. Mtu akinywa sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujirekebisha: hupunguza utulivu wake na kuongeza mwamsho, ili aweze kusimama na kutembea. Ukimwondolea pombe ghafula, mwamsho wote ule hubaki bila kizuizi, kama baiskeli iteremkayo mlima bila breki. Kutetemeka huanza katika muda wa saa chache. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka hufuata siku ya pili au ya tatu. Mjomba alikaa siku tatu hospitali akiokota siafu wasiokuwapo juu ya blanketi. Walimpa diazepamu ya kumtuliza na vitamini B1, akapona. Aliporudi nyumbani alituuliza, “Mlitaka kuniponya au kunizika?” Hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo, kama mtu wako hunywa sana kila siku, na asubuhi mikono hutetemeka mpaka apate tone, usimfungie, wala usimwache akate pombe ghafula peke yake. Mpeleke kwa mganga wa hospitali kwanza, aachishwe chini ya uangalizi. Akiwa amekwisha kuacha ghafula, ukaona degedege au kuweweseka, usingoje kuche.

Kwa heroini mambo ni tofauti kidogo. Arosto yake hutesa vibaya, ila yenyewe si kawaida kuua. Huko dawa iitwayo methadoni hukalia magati yale yale ya heroini, lakini polepole, na mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na Mbeya mwaka 2017. Wako watu wanaosema huko ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Mimi sikubaliani nao. Mtu aamkaye asubuhi bila arosto aweza kwenda kazini.

Kazi ya vikundi kwa juma hili ni hii. Chukueni kijiti, mchore chini mchangani njia aipitayo mtu kutoka shambani mpaka nyumbani. Wekeni jiwe kila mahali penye taa: kilabu, duka, kijiwe cha marafiki, siku ya malipo. Kisha mchore njia nyingine, mseme nani atatembea naye jioni za kwanza, na nani atamtunzia fedha kama yeye mwenyewe akikubali. Kama yumo kikundini mtu aliyewahi kuacha, mwacheni yeye ashike kijiti. Katibu aandike mliyoyaona, anipelekee kabla ya Ijumaa, nami nitayasoma hapa. Kwaherini.