Mlangoni Ndipo Tunaposahau

Wapendwa wa Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo, karibuni Kampala.

Leo tuongee habari ya kusahau. Umetoka sebuleni kufuata mkasi chumbani. Umefika, umesimama, unaangalia kitanda: hivi nimefuata nini huku? Wengine hapo wanaanza kukemea pepo la usahaulifu. Ndugu yangu, ngoja kidogo.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, waliwapa watu vitu wabebe. Waliopita mlango kuingia chumba kingine walisahau zaidi kuliko waliotembea umbali uleule ndani ya chumba kimoja. Akili ikiona mahali papya, inaweka kando mambo ya kule na kushika ya hapa. Na mwaka 1975 Godden na Baddeley waliwapa wapiga mbizi orodha za maneno. Waliyojifunza chini ya maji waliyakumbuka vizuri zaidi chini ya maji kuliko nchi kavu.

Sasa sisi linatuhusu nini? Humu ukumbini mjane anasema kodi ya nyumba imemshinda. Mtu anamjibu kwa moyo wote, "Mama, Jumanne nitakuja." Kisha anatoka. Nje bodaboda zinapiga honi, kondakta anaita abiria wa Old Taxi Park, simu inalia. Mwingine anakimbilia basi la Busia au Mutukula. Akivuka mpaka, ahadi imebaki huku. Hakusema uongo, lakini Jumanne mama amechemsha chai, anatazama njia.

Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawaagiza Waisraeli waandike maneno ya Mungu kwenye miimo ya milango. Mnaona? Pale pale mtu anaposahau, ndipo ukumbusho unapowekwa.

Basi, kabla hujavuka kizingiti, toa kalamu. Andika jina, siku na ulichoahidi. Mwambie mwenzako akukumbushe Jumatatu. Na nyumbani, aliyesahau chumvi dukani tusiseme hatupendi. Ila mzee akianza kupotea njia ya kwake mwenyewe, hiyo si habari ya mlango tena. Mpelekeni hospitali, na maombi yaendelee.

Amina? Tunasimama kwa maombi ya kufunga. Yeyote aliyemwahidi mtu jambo humu ndani, aandike kwanza.