Kuandika Lugha kwa Namna Moja
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Mjimwema, Songea)



Mmetutaka tuseme juu ya maandishi ya lugha. Watu hudhani jambo hili ni la waalimu. Sisi twaonelea ni la makarani kwanza, kwa kuwa serikali haiwezi kutoa hati kwa lugha ambayo kila mkono waiandika upendavyo.

Tutazame jirani zetu wa visiwa vya Shelisheli, waliopata uhuru mwaka 1976. Wenyeji husema Krioli, lugha iliyozaliwa mashambani, baina ya watumwa waliotolewa Afrika na Madagaska na mabwana zao Wafaransa. Maneno yake mengi yatoka Kifaransa, bali sarufi yake ni nyingine. Basi iandikweje? Wangeweza kulipa kila neno sura ya Kifaransa, au kufuata sauti itokayo kinywani. Wakashika sauti. Mwaka 1978 Bibi Annegret Bollée na Bibi Danielle D'Offay walitoa kitabu cha kanuni. Mwaka 1981 Krioli ikawa lugha ya kwanza ya taifa, mbele ya Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 1982 ikaanza kufundishiwa watoto wadogo shuleni.

Mfaransa huandika école na quatre. Wao huandika lekol na kat. Katika lekol, ile l ya mwanzo haikuwa sehemu ya neno, lakini imeshikamana nalo hata haitoki. Sisi nasi tulitwaa kitab la Waarabu, tukadhani ki ni yetu, tukasema vitabu. Hatukuona haya, nao wasione.

Wako walionung'unika kuwa maandishi hayo yatamfungia mtoto mlango wa kazi. Hofu hiyo si ya kuchekwa, maana kazi hufuata lugha ya barua. Ndiyo sababu twasema kanuni bila ofisi kuitumia ni karatasi tu.

Kwetu Kiswahili kilitangulia uhuru. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, na Kamati ya Lugha ya nchi nne ikaanza kazi mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka 1967. Kabla ya hayo kila mgeni aliandika kwa sikio lake. Wadachi waliandika Muansa, na mji wetu wakauandika Ssongea, kwa s mbili, kwa kuwa kwao s moja mbele ya irabu husomwa z. Nduna Songea Mbano, mwenye jina hilo, walimnyonga mwaka 1906.

Lililosalia ni majina ya watu. Alama ndogo ya ng' huachwa mara nyingi, na hali kung'oa ni kazi ya jembe, bali ngoa ni wivu. Mtu aliyeandikwa hivi katika cheti cha kuzaliwa, na vile katika kitabu cha kazi, siku ya kudai kiinua mgongo huambiwa ni watu wawili, akatumwa kutafuta hati ya kiapo kwa nauli yake mwenyewe.

Kwa hiyo twaomba mkutano uazimie kwamba karani aandikapo jina amsomee mwenyewe herufi kwa herufi kabla ya kutia muhuri. Na asiyejua kusoma aombwe alete cheti chake cha zamani, cha ubatizo au cha shule, jina linakiliwe kama lilivyo.