Mabwana Elfu, Mtumishi Mmoja

(Hotuba ya mjumbe wa wafanya kazi wa klabu mbele ya wanachama, ukumbi wa Kaloleni)



Niliombwa niseme juu ya uongozi na mwenendo wa kazi katika klabu za wanachama. Mimi si mwanasheria. Nimebeba sinia miaka mingi, na sasa ni mjumbe wenu. Nitasema niliyoyaona kwa macho, na yale ambayo sheria yasema.

Wengi wetu tulio hapa twaishi Jericho, Makadara, Shauri Moyo, Bahati na Umoja. Kila asubuhi twavuka mji kwenda kazini upande wa pili, penye miti na nyasi zilizokatwa. Klabu hizo ni za zamani. Klabu ya Nairobi ilianza mwaka 1901, na ile ya Muthaiga ilifunguliwa siku ya mwisho ya mwaka 1913. Zilifanywa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, na hata mzee mwenye mvi aliitwa boi. Mwaka 1946 ilianzishwa United Kenya Club, na hapo watu wa rangi mbalimbali wakaanza kuketi meza moja. Leo wanachama wa klabu ni watu wa kila rangi, na wengi ni wananchi wenzetu. Rangi imebadilika. Je, mwenendo wa kazi umebadilika? Hapo ndipo penye maneno yangu.

Kiwandani wamjua tajiri wako. Klabu si hivyo. Mali ni ya wanachama wote. Wao huchagua halmashauri, halmashauri huajiri meneja, na meneja hutuajiri sisi. Kwa maandishi, wenye kutuamuru ni meneja na wasimamizi wake. Kwa desturi, kila mwanachama ajiona ni bwana. Mmoja asema, "Lete meza hapa." Wa pili asema, "Nani kaweka meza hapa?" Wa tatu amwita meneja amwambie, "Huyu simtaki kumwona tena." Wazee walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nami naongeza: chombo kikienda mrama, wa kwanza kutupwa majini ni mtumishi.

Nitawapa kisa changu mwenyewe. Jina la klabu sitalitaja. Usiku mmoja mwanachama alileta wageni sita. Wakala, wakanywa, naye akatia sahihi chiti tatu. Mwisho wa mwezi akakataa hesabu, akasema chiti mbili si zake. Nikaitwa ofisini, nikaambiwa nichague: kukatwa mshahara au kwenda nyumbani. Sikuulizwa hata neno moja.

Mjumbe wetu siku zile alikuwa mzee wa jikoni, mtu wa maneno machache. Hakupiga meza. Aliomba mambo mawili tu: kitabu cha chiti cha usiku ule kiletwe, na mimi nisikizwe mbele yake. Siku tatu walikataa. Siku ya nne kitabu kikaja. Sahihi zote tatu zilikuwa za mkono mmoja, na namba ya uanachama ni ile ile. Huenda yule bwana hakuwa mwongo. Huenda alikunywa akasahau. Hakuna aliyeniambia samahani, lakini mshahara wangu ulikuja mzima.

Ndugu zangu, sikuokolewa na huruma. Niliokolewa na kitabu na mjumbe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ni vivyo hivyo. Kwa hiyo nina mambo manne ya kuwaeleza.

La kwanza: amri itoke kinywa kimoja. Mwanachama asiyeridhika amwandikie meneja, asimkemee mhudumu mbele ya watu. Tukidai hivyo hatumdharau mtu. Klabu nyingi za namna hii zina kanuni yao wenyewe inayosema mwanachama asimkaripie mtumishi, bali apeleke malalamiko yake kwa mkubwa wa kazi. Itafuteni kanuni hiyo katika klabu yenu. Mkiipata, mwombeni meneja kwa adabu aibandike mahali wanachama watakapoiona.

La pili: hakuna kufukuzwa usiku. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa au kwa kazi mbaya, tajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, tena mbele ya mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama anayemchagua mwenyewe. Kisha amsikize yeye na huyo mwenzake. Hasira ya mwanachama aliyekunywa si kesi. Ukiitwa ofisini, usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Sema, "Nataka mjumbe wangu."

La tatu ni vibarua. Klabu huita watu wakati wa harusi, mashindano na Krismasi. Baadaye hubaki nao, miezi ikapita, nao bado waitwa vibarua. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Basi kila kibarua awe na kijitabu, aandike siku zake. Na sisi tulio na kazi ya kudumu tusimdharau. Tukimwacha nje ya chama, kesho ataitwa kujaza nafasi zetu.

La nne ndilo lenye uzito zaidi kwetu wa Eastlands: ahadi za mdomo. Halmashauri za klabu hubadilika mara kwa mara. Mwenyekiti wa mwaka huu asema, "Nitawapa gari la usiku." Mwaka ujao ametoka, na aliyeingia asema hakusikia. Wakati huo mama amemaliza kuosha vyombo saa sita za usiku, naye ana safari ya kuvuka mji mzima, kisha atembee peke yake gizani mpaka mlangoni kwake. Hilo si jambo dogo. Ni jambo la uhai. Fedha za Krismasi ni hivyo hivyo. Klabu nyingi hukataza bakshishi, kisha wanachama huchanga mwisho wa mwaka. Zilichangwa ngapi, na ziligawanywaje? Hesabu ibandikwe ukutani.

Dawa ya ahadi ya mdomo ni mapatano yaliyoandikwa. Sheria ya Mahusiano ya Kazi, nayo ya mwaka 2007, yasema chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaoweza kuwa wanachama wake, tajiri lazima akitambue. Mapatano yakisha kuandikishwa kortini, huwa sehemu ya kazi ya kila mmoja, na halmashauri mpya huyakuta mezani. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga mabaa, wengi walirudishwa nyumbani bila mshahara. Mwenye mapatano alikuwa na karatasi ya kushika. Asiye nayo alingoja simu.

Sasa nageuka kwetu. Chama chetu nacho ni klabu ya wanachama. Tunachagua halmashauri, tunalipa ada, na kila mmoja ajiona ni mwenye mali. Je, karani wetu asiposoma hesabu, twauliza? Je, mjumbe akiitwa chai na meneja, aturudishia habari? Je, sisi wenyewe twamtuma mjumbe vita kisha twakaa kimya? Hatuwezi kudai daftari kwa tajiri na sisi hatuna letu.

Katika ukumbi huu wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alisimama mbele ya watu akataka uhuru kamili. Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai walikamatwa, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma. Wale walijua uongozi una gharama. Yetu leo ni ndogo: kuandika tarehe, kusoma kanuni, kumsindikiza mwenzako ofisini.

Kabla hamjaondoka, fomu ziko mezani pale mlangoni. Asiyejiunga ajaze. Aliyejiunga amchukulie jirani yake moja, hasa kibarua. Na wale wa zamu ya usiku waandike majina na saa wanazotoka, tupate orodha ya kuanza nayo shauri la gari.